Kinachoimbwa Juu ya Masikio Yetu Uluguru

Kwa mpenzi wa muziki wa zamani, Morogoro ni mji wa gitaa. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoiongoza Cuban Marimba, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipojipatia jina akiwa na Morogoro Jazz kabla hajaanzisha Super Volcano. Wazee wa mji bado wanabishana nani alikuwa mkali zaidi, nami sina nia ya kuwaamulia. Nina jambo dogo tu la kifizikia kuhusu lile gitaa la solo. Hata mpigaji akipeleka kidole hadi mwisho wa shingo, kwenye uzi mwembamba kuliko zote, noti anayoipata haizidi sana mitetemo 1,100 au 1,200 kwa sekunde, yaani hezi. Piano inapanda zaidi, lakini nayo inafika hezi 4,186 na kuishia hapo.

Wanamuziki wengine wa Morogoro, wasio na bendi wala santuri, wanaanzia kazi karibu na pale piano inapoishia. Wanaishi milimani, nyuma ya mji.

Ukisimama Msamvu na kuangalia kusini unaiona Uluguru, mara nyingi ikiwa na wingu kichwani. Lupanga, kilele kinachoutazama mji, kina zaidi ya mita 2,100. Bondwa, wenye minara ya mawasiliano, uko karibu na kimo hicho hicho, na njia ya kuupanda inapita Morningside, penye jengo la tangu enzi za Wajerumani. Mbali zaidi kusini, Kimhandu inavuka mita 2,600. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa. Kwa kuwa upepo wa Bahari ya Hindi umekuwa ukiiletea mvua na ukungu kwa mamilioni ya miaka, misitu yake haikukauka hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Ndiyo maana ina viumbe wasiopatikana kwingine. Ndiyo maana pia Mto Ruvu una maji, na mkazi wa Dar es Salaam anayefungua bomba asubuhi ana deni na milima hii, ajue asijue.

Ndege wawili wanatosha kuonyesha ninachokitafuta. Wa kwanza ni chozi mdogo aitwaye kwa Kilatini Cinnyris loveridgei. Jina hilo limetokana na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekusanya wanyama na ndege Tanganyika, na ndege mwenyewe alielezwa kisayansi na Ernst Hartert mwaka 1922. Wa pili ni Malaconotus alius, mkubwa zaidi, mwenye kofia nyeusi inayong'aa, mgongo wa kijani na tumbo la njano. Loveridge alimpata mwaka 1926, na Herbert Friedmann akamwandika mwaka uliofuata. Wote wawili makao yao ni Uluguru peke yake. Ukiufyeka msitu huu, huna pa kwenda kuwatafuta.

Tofauti yao iko kwenye koo. Huyu mkubwa hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti na haonekani kwa urahisi, lakini sauti yake nzito huteremka bondeni na kumfikia mtu aliye mbali. Watafiti wanaotaka kumhesabu humtafuta kwa sikio kwanza, darubini hufuata baadaye. Chozi ni kinyume chake. Yeye unaweza kumwona vizuri tu akihangaika kwenye maua, ila wimbo wake ni mwembamba, wa haraka, noti zimebanana, na ukirudi nyuma hatua chache kwenye mteremko wenye majani mengi, umeupoteza.

Sababu ya hilo ni hesabu ya kawaida. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya kama mita 340 kwa sekunde. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa karibu sentimita 34, na la hezi 8,000, yaani kilohezi 8, lina sentimita 4 na kitu. Majani mengi ya msituni yana upana wa sentimita kadhaa. Wimbi refu hulizunguka jani bila kulijali. Wimbi fupi huligonga, likagonga na la pili na la tatu, na mwisho limetawanyika pande zote na halina nguvu tena ya kwenda popote.

Hewa yenyewe nayo inakula. Alfajiri ya Uluguru huwa na baridi, kwa hiyo tuchukue nyuzi 10 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 70. Katika hali hiyo, kwa mujibu wa vipimo vya kimataifa, hewa humeza chini ya desibeli 4 za sauti ya kilohezi 1 kwa kila kilomita. Kwa sauti ya kilohezi 8 humeza desibeli 117. Kwa umbali wa mita 100 tu, sauti nene imepoteza chini ya nusu desibeli, na ile nyembamba imepoteza karibu 12, hapo bado hatujahesabu majani, shina, wala kile kupungua kwa kawaida kunakoipata kila sauti inapotawanyika angani.

Maana yake ni kwamba sauti ya masafa ya juu, yaani yenye mitetemo mingi kwa sekunde, ni ya majirani. Ndege anayeimba kwa kilohezi 7 au 8 hamwambii lolote mtu aliye ng'ambo ya bonde. Anaongea na jike aliye kwenye kichaka cha pili, au dume jirani anayenyemelea maua yake. Na kuna nyakati ambapo kutofika mbali ndiko kunakotafutwa. Mwaka 1955 mwanasayansi Peter Marler alionyesha kwamba ndege wadogo wa Ulaya wanapomwona kipanga angani hutoa mlio mwembamba sana, usio na mwanzo mkali wala mwisho mkali, ambao ni mgumu kujua umetoka upande gani. Baadaye ikapimwa na kuonekana kwamba masikio ya kipanga ni dhaifu kuliko ya ndege mdogo kwenye masafa hayo ya kilohezi 8 hivi. Mwenzake aliye karibu anaonywa, adui aliye mbali hasikii kitu. Nimewahi kusikia mikutano ya ukoo iliyoendeshwa kwa utaratibu mbovu kuliko huo.

Sasa tuje kwenye masikio yetu sisi. Kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Lakini uwezo wa juu huanza kupungua mapema na haurudi. Mtu wa miaka 60 mara nyingi hasikii tena kilicho juu ya kilohezi 10 au 12, na kama alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kusaga au mbele ya spika za muziki, hali huwa mbaya zaidi. Waangalizi wa ndege duniani kote wanajua jambo hili kwa uchungu. Mtu aliyewatambua ndege kwa sauti maisha yake yote huanza kudhani kwamba ndege fulani wamepungua, kumbe wapo palepale na mjukuu wake anawasikia vizuri. Hapo ndipo rekoda inapokuwa shahidi, kwa sababu yenyewe haizeeki kwa namna hiyo.

Mtu wa kwanza anayejulikana kurekodi ndege alikuwa mtoto. Mwaka 1889, mjini Frankfurt, Ludwig Koch, mwenye umri wa miaka minane, alimnasa ndege wa tunduni kwenye silinda ya nta. Mtoto huyo alikuja kuwa mtu mzima aliyewakimbia Wanazi hadi Uingereza na kuwa sauti maarufu ya BBC kwa vipindi vya ndege. Huku kwetu Afrika Mashariki mmoja wa waliotangulia ni Myles North, ofisa wa serikali ya kikoloni Kenya, ambaye alitumia muda wake wa ziada kurekodi ndege. Kazi yake ilitolewa kwenye santuri na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1958.

North alishirikiana na William Thorpe wa Cambridge kuwachunguza tiva, wale ndege ambao dume na jike huimba kwa kupokezana hadi msikilizaji akaapa ni ndege mmoja. Rekodi ndizo zilizowezesha muda wa kupokezana kwao upimwe. Thorpe alipopima tiva wa jamii moja ya Afrika, alikuta wa pili hujibu baada ya kama sehemu ya saba ya sekunde, na hupatia muda ule ule karibu kila mara. Wapiga ngoma wanajua ugumu wa kazi hiyo. Uluguru nayo ina ndege wa kupokezana hivyo: Scepomycter winifredae, mdogo, wa vichaka vya chini. Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alimwandika mwaka 1938 na kumpa jina la mke wake, Winifred. Mwaka 2009 wataalamu walimtangaza ndugu yake wa milima ya Rubeho kuwa spishi yake mwenyewe.

Kilichomsaidia Thorpe ni mashine iliyotengenezwa kwenye maabara za Bell, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambayo huigeuza sauti kuwa picha. Leo programu ya bure kwenye kompyuta yoyote inafanya kazi hiyo. Muda husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, masafa kutoka chini kwenda juu, na pale sauti ilipo na nguvu pana weusi zaidi.

Tuiangalie picha ya dakika moja ya asubuhi kwenye msitu wa Uluguru, karibu na kijito. Chini kabisa kuna utando mzito usiokatika: ni maji yanayoporomoka kwenye mawe. Juu yake kidogo kuna michirizi mipana iliyorundikana kwa ngazi, hondohondo akipiga kelele kutoka mti wa mbali. Katikati ya picha umelala mkanda ulionyooka, hauna kupanda wala kushuka, hao ni nyenje. Kila tone la maji linalodondoka kutoka kwenye majani na kupiga boksi la rekoda limechora mstari wima kuanzia chini hadi juu, kwa maana kishindo kifupi kina masafa yote ndani yake. Na juu ya mkanda wa nyenje, kwenye nafasi iliyobaki, kuna vialama vyembamba vilivyoinama huku na huku, vingi, kwa sekunde mbili au tatu. Huyo ndiye chozi.

Ukiupunguza mwendo wa rekodi hiyo mara nne, kilohezi 8 inakuwa kilohezi 2 na sekunde mbili zinakuwa nane. Kilichokuwa mlio wa haraka kama mvua juu ya bati kinaanza kufunguka. Noti zinapanda, zinavunjika, zinarudia kipande kilekile, na ghafla unagundua kuna mpangilio. Inafaa kila mwalimu wa sayansi wa Morogoro awasikilizishe wanafunzi jambo hili walau mara moja. Haligharimu chochote zaidi ya simu na kompyuta ya shule.

Picha hizi zimetoa matokeo yaliyowashangaza hata wenyewe walioyatafuta. Mwaka 2021 Jay McEntee, Rauri Bowie na wenzao, akiwamo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti kwenye jarida la Royal Society la Uingereza kuhusu nyimbo za chozi wa milima ya Afrika Mashariki, chozi wa Uluguru wakiwa miongoni mwao. Ndege hawa wanafanana mno kwa manyoya, lakini kila kundi limefungiwa kwenye mlima wake, na nyanda za joto katikati hazivukiki kwao. Chozi hujifunza wimbo kwa wakubwa wake, kama mtoto anavyojifunza lugha. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba, baada ya muda mrefu wa kutengana, kila mlima ungekuwa na wimbo wake.

Haikuwa hivyo. Yapo makundi ambayo jeni zake zinaonyesha yametengana kwa mamia ya maelfu ya miaka, huenda yakakaribia miaka milioni moja, na bado picha za nyimbo zao zinakaribia kulingana. Mengine yamebadilika sana. Wimbo hukaa vilevile kwa karne zisizohesabika, halafu hubadilika kwa kurukia. Mtu akitafakari kwamba kila kizazi kilipaswa kuusikia na kuurudia, bila maandishi, bila chombo, ndipo anapoona uzito wa jambo lenyewe. Sisi nyimbo za jando za babu zetu zimeanza kutuponyoka ndani ya vizazi viwili.

Swali ambalo watu hupenda kuuliza wakisikia habari za masafa ya juu ni kama ndege huimba sauti ambazo binadamu hawezi kabisa kuzisikia. Wauzaji wa vyombo vya muziki wamelishikia bango wazo la namna hii, wakituambia kwamba kuna uhai uliojificha juu ya kilohezi 20 na kwamba tukinunua chombo cha bei kubwa tutauhisi. Jibu kuhusu ndege ni la kuvunja moyo kidogo: kwa ujumla, hapana. Ndege wengi husikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 1 na 5, na wengi wao hukomea kwenye 8 hadi 10. Bundi wa maghalani, yule anayekamata panya gizani kwa kusikiliza tu, hufika kama 12. Kwenye masafa ya juu, kijana wa sekondari pale Kihonda anamshinda ndege yeyote wa mlimani.

Kuna vighairi, na vinatoka mbali. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba ndege mvumaji mmoja wa milima ya Andes, kule Ecuador, huimba kwa kilohezi 13.4 na husikia wimbo wake. Mvumaji mwingine wa Amerika ana nyimbo zenye vipande vinavyofika kilohezi 30, lakini alipopimwa masikio hakuonekana kusikia kitu juu ya 7. Sauti ile ya juu inatoka tu, kama makapi, naye mwenyewe hana habari nayo.

Basi, mbona rekodi za Uluguru zikichunguzwa zinakuwa na mambo mengi juu ya kilohezi 20? Kwa sababu ndege si peke yao msituni. Usiku ukiingia, popo wanatoka, na wengi wao hupiga kelele za kilohezi 20 hadi 100 na zaidi ili wasome mwangwi wake. Wadudu wa jamii ya senene nao, spishi nyingi, hukwaruza mabawa kwenye masafa ambayo hatuna hata fununu nayo. Panya huitana huko juu. Komba husikia hadi kama kilohezi 65, ingawa milio ya kuitana ambayo mkulima wa Uluguru anaijua iko chini sana ya hapo. Na komba wana hadithi yao: yule mdogo wa milimani alielezwa kisayansi mwaka 1936 kutokana na mnyama aliyepatikana Bagilo, Uluguru, na wataalamu wa komba wanakubaliana kwamba spishi nyingi za wanyama hao zinatofautishwa kwa rekodi za milio yao kuliko kwa kuwaangalia, kwa sababu kwa macho wanafanana.

Ila kuna jambo la kutahadhari. Kinachoonekana juu kabisa kwenye picha ya sauti mara nyingine hakikuwapo msituni. Ukiweka maikrofoni karibu mno na ndege mwenye sauti kali, au ukiacha kiwango cha kurekodia juu kupita kiasi, wimbi hukatwa kichwa, na kule kukatwa huzaa masafa ya juu ambayo ndege hakuyatoa. Yapo pia ya aina nyingine. Rekoda inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde inaweza kubeba kwa uaminifu sauti hadi nusu ya idadi hiyo, kilohezi 24. Kama chujio lake ni dhaifu na kuna mdudu anayelia kwa kilohezi 30, mdudu huyo atajitokeza kwenye picha akiwa kilohezi 18, mahali ambapo hakuwahi kuwa. Anayeleta habari za ajabu kuhusu ndege wa masafa ya juu aulizwe kwanza habari za kifaa chake.

Vifaa, kwa bahati nzuri, vimeshuka bei na uzito. Zamani ilikuwa mashine ya mkanda, betri nzito na wapagazi. Tangu miaka ya 2010 kumekuwa na rekoda inayoitwa AudioMoth, iliyobuniwa na vijana wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, isiyozidi sana ukubwa wa kiberiti ikiwa nje ya boksi lake, inayoweza kufungwa kwenye mti na kuachwa siku nyingi. Inafika hadi sampuli 384,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata popo haponi. Gharama iko kwenye nafasi: saa moja kwa sampuli 48,000 ni kama megabaiti 346, na saa hiyohiyo kwa 384,000 ni gigabaiti 2.8 hivi. Memori kadi ya gigabaiti 32 itakupa karibu siku nne za ndege au chini ya nusu siku ya popo. Lazima uamue unamtafuta nani. Kwa anayefuata ndege, sampuli 48,000 zinatosha kabisa, na yeyote anayekushawishi ulipie zaidi ya hapo kwa ajili ya ndege anakutafutia hasara.

Simu yako nayo inaweza, lakini ina hila zake. Kwanza, usimpigie mtu simu ili asikie ndege. Mtandao wa simu wa kawaida hupitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu, kiasi cha kutosha maneno ya binadamu, na chozi anaishi juu ya hapo. Ndugu yako aliyeko Dar atasikia kijito na pumzi yako. Pili, programu nyingi za mazungumzo zimefundishwa kuitambua sauti ya mtu na kufuta kila kingine kama kelele. Tatu, faili la MP3 lililobanwa hadi kilobiti 128 mara nyingi hukata kila kilicho juu ya kilohezi 16 na kuchezea vilivyo chini yake. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV, lisilobanwa, zima kila kinachojiita kupunguza kelele, na sogea karibu. Kusogea ndiko kunakoleta tofauti kuliko pesa. Kama sauti ya juu inapotea ndani ya mita 100, hakuna maikrofoni itakayoirudisha. Dishi la kukusanyia sauti husaidia, lakini hata lenyewe halivunji sheria ya hewa.

Hapa ndipo habari hii inapoacha kuwa ya mafundi peke yao. Msitu wa Uluguru umepungua kutoka chini kwenda juu. Mashamba yamepanda miteremko, na kwenye Pengo la Bunduki, pale msitu wa Uluguru Kaskazini ulipokutana na wa Kusini, sehemu kubwa imekuwa mashamba. Serikali iliziunganisha hifadhi za Kaskazini, Kusini na Bunduki kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008, yenye zaidi ya hekta 24,000. Mipaka ipo, lakini kilichobaki ndani yake hakipimwi kwa kupita barabarani. Mtu aliyesimama Kinole au Mgeta anayesikia hondohondo akilia kule juu hurudi nyumbani akiamini msitu u hai, kwa sababu sauti nene zinamfikia. Wale wa sauti nyembamba wanaweza kutoweka bonde baada ya bonde na asubuhi ile ikasikika vilevile kwa aliye barabarani. Ukimya wao hauna wa kuusikia isipokuwa aliyeingia ndani.

Rekodi ya leo ndiyo kipimo cha kesho. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005, inapokea sauti za ndege kutoka kwa mtu yeyote na kuziachia dunia nzima, na hazina ya Macaulay ya Cornell inafanya hivyo pia. Programu za kompyuta kama BirdNET, zinazotambua ndege kwa kukata rekodi vipande vya sekunde tatu tatu, hujifunza kutoka kwenye hazina za namna hii, na hazitawajua ndege wetu vizuri tusipozilisha. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko chini ya mlima wenyewe, kina wanafunzi wa wanyamapori na misitu wanaopanda kila mwaka kwa mafunzo. Sioni kwa nini kila mmoja wao asishuke na dakika kumi za sauti, na kwa nini chuo kisiwe na chumba chake cha kuzihifadhi, badala ya mtafiti wa Tanzania kulazimika kuwatafuta ndege wa Morogoro kwenye kompyuta za Marekani.

Kwa msomaji anayetaka kwenda, lipia kibali cha kuingia kwenye ofisi ya hifadhi, na kama ni utafiti rasmi taratibu za vibali za taasisi za COSTECH na TAWIRI zinahusika. Chukua mwongozaji wa kijijini, mlipe vizuri, msikilize. Uwe msituni kabla jua halijachomoza. Mwisho wa kila rekodi taja kwa sauti yako tarehe, saa, mahali na kimo. Daftari huloa, sauti haitenganiki na faili. Usimchezee ndege sauti ya mwenzake kwenye spika tena na tena ili ajitokeze upige picha, kwani anaacha kula na kulinda kiota ili aje kupigana na adui asiyekuwapo. Na ukifika nyumbani usilibane faili: liache WAV, lipe jina linaloeleweka, peleka nakala moja mahali ambapo wengine wataipata.

Kama masikio yako yamezeeka, nenda na mtoto.